Guka, Kodiani Yako Haitoki Nyumbani

Guka, babu yangu,

Tangu ututoke, kodiani yako inakaa juu ya kabati la vitabu vyangu. Jumamosi Shangazi alikuja kuichukua aipeleke duka la mitumba. Nakuandikia nikueleze kwa nini bado ipo.

Unakumbuka ulipokuja kukaa nasi hapa ughaibuni, Richfield, ukakosa mtu wa kukupigia chuma kwenye mwomboko, ngoma yetu ya kodiani? Ulinituma garaji nikalete diski ya breki iliyotolewa kwenye gari la Baba, ukanipa msumari mrefu. "Mwomboko bila chuma ni chai bila majani," ulisema. Kila mara nilitangulia mdundo. Ulicheka mpaka ukakohoa: "Kwani unakimbizwa na nani?"

Mwezi huu mwalimu wa muziki alituambia tulinganishe miziki miwili. Nilichagua forró ya mashambani Brazil na zydeco ya Louisiana. Nilikuwa kwenye treni ya kwenda Saint Paul, nikisikiliza, nikakusikia wewe. Kodiani ya Wazungu mikononi mwa watu wa shamba, na chuma pembeni: Brazil ni pembetatu, Louisiana ni bati la mikunjo linalovaliwa kifuani na kukwaruzwa kwa vijiko. Hawakukujua, Guka, lakini walicheza kama wewe, kuwainua majirani waliochoshwa na kazi. Niliandika miziki mitatu, na mwomboko wako ndani. Mwalimu aliomba miwili, shauri yake.

Kwa hiyo Shangazi aliponyoosha mkono kabatini, nilisimama mbele yake.

"Hiyo ni kitu ya baa," alisema. "Guka aliokoka, akaiacha. Na wewe unaijulia wapi? Hata ukisalimiwa unajibu kwa Kizungu!"

"Hakuiacha, Shangazi. Alikuwa anaomba, akimaliza anaipiga. Mimi ndiye nilimpigia chuma."

Nilisema kwa Kiswahili, mbele ya Baba na watu wote wa nyumbani, mimi ninayejificha chooni wageni wakija, nisisalimiwe. Sikuomba msamaha, na siombi sasa. Nilivaa mikanda yako nikapiga wimbo mmoja ninaoujua, nikikosea kila mahali.

Baba aliinuka. Alitoka. Nilidhani amekasirika, kumbe ameenda garaji. Alirudi na ile diski, akaketi karibu na dada yake, akaanza kugonga, akinitangulia.

Nikamwambia, "Kwani unakimbizwa na nani?"

Shangazi ndiye aliyecheka kwanza. Alienda mikono mitupu.

Pumzika, Guka. Kodiani ninayo.

Mjukuu wako, mpiga chuma wako