Lengo la Baba Kujua Kupika

Modesta na Obedi,

Mambo yaliharibika Alhamisi ile ya mwaka mpya, mlipopanga malengo ya nyumba mkanipa mimi jiko: Baba apike kila Jumamosi.

Haya, leo nimepika. Michembe ya viazi vitamu vikavu iko kwenye sufuria, msikwangue chini, imeungua. Kosa si langu. Maji ya sufuria yalikauka, nikafungua bomba, likakohoa tu. Ziwa lote lile tunaliona, wakubwa wa maji kazi yao vikao! Nikaenda na ndoo kwa Mama Shamsia jirani, naye akanicheka: "Baba Modesta, mwanaume wa Kisukuma na mwiko wapi na wapi?" Kurudi, moshi.

~~Sipiki tena.~~ Nitapika, ila siku maji yakitoka, hata iwe Jumanne. Lengo nalo lijue kupinda.

Obedi, fungia kuku. Modesta, karanga za kusaga zimo kwenye kopo la marehemu mama yenu. Kopo msilitupe. Nimekwenda Igoma kwa fundi baiskeli.

Halafu mnijibu. Mwezi wa sita Modesta unaolewa Sengerema, Obedi unahamia kazini Geita. Nikishajua kupika, nitampikia nani?

Baba yenu