Baba yake Nafula Alikuja Kuchukua Godoro

Malaba, Jumamosi, Juni 1976

Sasa kila mtu anasema ni chumba cha kupanga kilichomuua Nafula. Mvua ilinyesha, akafunga dirisha, akalala na jiko la makaa likiwaka ndani. Mimi, mwenzake wa chumba, nilikuwa nimeenda kwetu Chakol.

Leo baba yake ametoka Bukhayo kuja kuchukua vitu vyake. Mkuu wa chuo chetu alimtuma mwalimu wetu wa hesabu amsaidie kubeba. Huyo naye akaanza kuhubiri hapo mlangoni.

"Mzee, tuliwaambia hawa wasichana wakae bwenini. Angekaa ndani ya chuo, angekuwa hai."

Mzee akanigeukia. "Mama, kwani huko bwenini kulikuwa na shida gani?"

Nafula aliniapisha nisiseme. Lakini nilipoona mikono ya yule mwalimu imekumbatia godoro lake, nilishindwa kunyamaza.

"Shida ni huyu mwalimu, mzee. Ana ufunguo wa bweni, na alikuwa anamjia usiku. Nafula alihama ili apate usingizi."

Mwalimu akacheka, akasema nimechanganyikiwa na msiba. Mzee alimnyang'anya godoro, akalitwika kichwani, akashika barabara peke yake.

Sijui kama nilimsaidia Nafula au nilimuua mara ya pili.

Jumatatu sisi wote tuliopanga nje tunarudishwa bwenini kwa amri ya mkuu. Kitanda nilichopewa kiko karibu na mlango.