Onyo Nililolinyamazisha

Torino, 3 Machi

Baba mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na goti lako limepata nafuu. Mimi sijambo. Nimesikia kwamba kifuniko cha pampu ambacho karakana yenu ilikichonga kwa mchoro wangu kimepasuka katika majaribio, na kwamba msimamizi wenu Bertuzzi anadai tupa yako ndiyo iliyoupunguza ukuta wake. Nakuonea huruma, lakini ukweli hauna undugu. Kompyuta iliviunganisha vipande vyote kumi na vinne vya mchoro bila pingamizi. Mchoro hauna kosa.

Mwanao,
Ruggero

Budrio, 11 Machi

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Mama yako anauliza kama unakula au unasoma tu. Goti linabishana nami kama wewe, kila siku. Bertuzzi ameniondoa kwenye meza ya kuunganisha mashine. Sasa nahesabu skrubu stoo. Vijana wananiita mzee wa tupa, wanacheka. Usijisumbue.

Baba yako,
Ermes

Torino, 29 Aprili

Baba,

Salamu kwako na kwa Mama. Nimechelewa kwa sababu kila asubuhi nililifungua faili la kifuniko, nikalifunga kwa woga. Mwezi Januari programu ilinionya kwamba nyuso mbili za umbo lile hazikutani: palikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, na kitu chenye ufa hakihesabiwi kuwa kitu kizima. Kulichora upya kungenigharimu siku mbili. Nililegeza kipimo cha ukaguzi hadi onyo likanyamaza. Programu ikauziba ufa kwa kuuvuta uso mmoja ndani, na ukuta ukapungua milimita mbili kabla haujafika kwenu. Miaka thelathini na minane ya jina lako, kwa siku mbili zangu. Nimemwandikia Bertuzzi kwamba kosa ni langu peke yangu.

Mwanao,
Ruggero

Budrio, 6 Mei

Mwanangu,

Hatujambo. Bertuzzi aliisoma barua yako mbele ya wote. Kesho narudi mezani. Ila hapo pa “peke yangu” umekosea, msomi wangu. Niliupima ukuta ule kabla sijaugusa. Vifuniko vyote nilivyowahi kuvifunga vilikuwa na milimita tano; huo ulikuwa na tatu. Nilishika simu nikuulize. Nikakumbuka Krismasi, tukila tortelini mezani, ulivyoniambia mbele ya wajomba zako kwamba fundi hana la kumuuliza mhandisi. Nikairudisha simu mfukoni, nikaendelea na kazi.

Baba yako,
Ermes