Gasketi Niliyokwambia ni Mpya

Shemeji Rajabu,

Leo ni siku ya kumi na moja tangu uondoke, na bado nikiingia gereji nakusalimia. Mdomo unatangulia, akili inafuata.

Nakuandikia kwa sababu ya gari la Bwana Kizito, mfanyabiashara wa Lubaga aliyetaka bomba la moshi pana zaidi ili gari lipande vilima bila kuhema. Tulimfungia, likatoka linapiga kelele kama lori. Unakumbuka ulivyolala chini yake, umeweka kipande cha mpira wa maji sikioni, ukifuata sauti moja moja? Mtetemo ulitoka kwenye bomba lililokuwa likigusa sakafu ya gari. Ukakata mpira wa tairi kuukuu, ukalining'iniza upya, kelele ikaisha. Ukabaki ule mlio mmoja: ukiondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta, pa! pa!

Ukaniuliza, "Juma, pale bomba linapoungana na injini, ile gasketi ya kuziba maungio umeweka mpya?"

Nikasema, "Mpya, shemeji."

Sikuweka mpya. Ulinituma mjini nikaitafute, nami nikaenda Kyambogo kumwona msichana wangu, Nakato. Nilijua tu kwamba maduka ya vipuri ni matupu tangu Wahindi wenye maduka wafukuzwe nchini, nikajipa sababu. Nikairudisha ile ya zamani.

Uliniamini. Ukasema basi tatizo liko kwenye kabureta, ngoja ulisikilize likiwa barabarani. Ukaondoka na Kizito saa nane mchana. Chai yako hukuimaliza.

Kizito alirudi kwa miguu, vipande vya vioo vimejaa nywelini. Alisema mlikuwa mnateremka Mbuya, mkaona kizuizi cha wanajeshi, ukaondoa mguu ili usimame kwa adabu. Gari likalia. Mara mbili. Wakadhani ni bunduki, wakakumiminia risasi. "Banange, jamani, alikuwa anasimama," alirudia Kizito. "Alikuwa anasimama!" Mimi nilikuwa na spana mkononi, sikuelewa neno. Nikamuuliza gari liko wapi. Gari! Mungu anisamehe, ndilo swali lililonitoka.

Mwili wako tulipewa, shemeji. Wengi hawapewi hata huo. Tulikuzika siku ileile.

Juzi wanajeshi walituambia tukaondoe gari la Kizito barabarani. Nikalivuta, nikafungua pale bomba linapoungana na injini bila kumwita mtu. Gasketi imeliwa upande mmoja, upana wa ukucha wa kidole gumba, na masizi meusi yamezunguka tundu. Hewa ilikuwa ikiingia hapo, mafuta yasiyoungua yanalipukia ndani ya bomba. Kabureta yako ilikuwa nzima. Nilikaa chini ya gari lile mpaka miguu ikafa ganzi.

Nilikata nyingine kwa bati la shaba, nikaifunga. Ilinichukua chini ya saa moja. Chini ya saa moja, shemeji.

Jana nilikwenda kwa dada. Yuko eda, amekonda. Nilimwambia yote, Kyambogo na Nakato na neno "mpya". Hakulia. Akasema, "Gari kulia si ruhusa ya kuua mtu. Waliomuua ni wale. Lakini wewe ulimdanganya mume wangu, Juma, na hilo sitakusaidia kulibeba." Nikainuka niondoke. Akasema, "Kaa. Kula kwanza." Nilikula, Wallahi sijui nilikula nini.

Sijui kama umenisamehe. Sikuombi leo, bado naona aibu.

Watoto wako ni wadogo, wanaambiwa baba amesafiri. Wakifika umri wa kuuliza, nitawaambia ukweli mimi, kwa mdomo wangu huu, kabla hawajausikia kwa mtu mwingine. Na wakitaka kunifukuza, nitatoka.

Buriani, shemeji. Mola akulaze palipo na utulivu.

Juma