Mkuyu wa Sentimita Arobaini

Doornfontein, 14 Septemba 2025

Mdogo wangu Vuai,

Tarehe 9 Julai mwaka jana nilipoteza mkuyu wangu, ule wa bonsai, mti unaofugwa mdogo ndani ya chungu, wa miaka kumi na moja. Nilidhani umekufa, kumbe uko kwako Randburg. Salamu zako hizi hapa: mimi mzima, kikohozi kimepungua, natumai wewe na Sumaiya hamjambo.

Jana shemeji Sumaiya kanitumia picha. Sebule yenu, dirisha kubwa, mti juu ya meza. Urefu sentimita arobaini, matawi saba. La tatu lina kovu la waya wa shaba niliouchomoa kwenye mota ya cherehani. Kovu hilo nalijua kuliko vidole vyangu. Pembeni kikaratasi cha maonyesho ya miti: "Vuai Makame." Basi.

Nilianza na kijiti cha sentimita tisa. Nimeukata mizizi mara tano. Wewe umekaa nao mwaka na miezi miwili. Na majani, eish, yamejaa kuliko yalivyowahi kujaa kwangu. Hilo ndilo linaloniuma, sikufichi.

Kaka yako,
Luqman

Randburg, 2 Oktoba 2025

Kaka Luqman,

Shikamoo. Tumefurahi kifua kimepata nafuu. Sumaiya anaomba radhi kwa ile picha, alidhani utafurahi.

Nimechelewa kwa sababu barua ya kwanza niliichana. Kaka, uliutoa mti dirisha la kaskazini lenye jua ukaupeleka chumba cha nyuma katikati ya baridi. Mkuyu wa ndani ukihamishwa hupukutisha majani, unanuna tu. Wewe ukauona mtupu, ukaumwagilia asubuhi na jioni mpaka mizizi ikaoza. Kisha ukaniambia, "Katupe ukuni huo." Nikabeba ukuni. Nilikwaruza gamba kwa ukucha, chini kukawa kijani. Nikakata mizizi iliyooza, nikauweka penye jua, nikasubiri wiki sita.

Maonyesho ni Jumamosi tarehe 11. Fomu ina nafasi ya jina moja. Njoo. Zamani kila ukija kwangu ulikuwa unahesabu vitu. Safari hii uje ukae tu, ule.

Mdogo wako,
Vuai

Doornfontein, 6 Oktoba 2025

Vuai,

Hali yangu si mbaya, nanyi muwe hivyo. Barua yako nimeisoma mara nne. Maji nakubali: siku kumi na tisa, mara mbili kwa siku, thelathini na nane. Mti nimeuzamisha mimi. "Katupe" nimesema mimi. Na dirisha kubwa kama lako sina. Ukirudi kwangu utanuna tena.

Lakini umeandika ulikwaruza gamba, hukuandika ukiwa wapi. Siku ile nilikwenda kukuchemshia chai, dakika kama saba. Niliporudi ulikuwa umesimama karibu na mti, mkono mfukoni. Chai hukuimaliza, wewe wa vikombe vitatu. Ulipotoka nao niligeukia ukutani nisiuone. Nilifunga mlango nikalia, mtu mzima, kwa ajili ya mti.

Kama ulikwaruza ukiwa kwako, mti ni wako, na Jumamosi nitavaa kanzu nije nisimame nyuma yako. Kama ulikwaruza kwangu, ulijua u hai, na ukaniacha nilie.

Sitaki maelezo ya mizizi. Kwangu au kwako? Jibu nalitaka Ijumaa, kabla ya saa sita mchana.

Kaka yako,
Luqman