Mvumo wa Gramofoni na Cherehani ya Mama

Jumatatu, 7 Oktoba 1957
Mvua tangu saa nane. Nimemaliza hesabu za shule, nimerudi kwenye mvumo. Redio peke yake ni safi. Nikiunganisha gramofoni, unaanza: mmmmm, bila kupumua, juu ya kila wimbo.

Papa alinunua gramofoni kwa ajili ya sahani moja tu ya nyimbo. Mwaka juzi padri mgeni aliirekodi humo kwaya ya parokia. Mama ndiye anayeanzisha wimbo, peke yake. Oktoba mwaka jana tulimzika.

Jumapili tunamaliza kilio, matanga ya mwaka mzima. Koko, mama yake Mama, anakuja kutoka kisiwa cha Idjwi. Hajawahi kuisikia sahani hiyo, na Jumatatu atapanda mashua kurudi. Miguu yake imechoka. Sidhani atakuja tena.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimegeuza plagi ukutani. Bure. Nimegongea chuma ardhini chini ya dirisha na kukifunga waya kutoka redioni. Mvumo ukapungua kidogo. Nilifurahi kama mjinga. Sahani ilipoanza, Mama alikuwa bado mbali, kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimepata! Kitabu cha fizikia cha maktaba, kurasa mbili. Sikuvua hata viatu. Nilishika mkono wa gramofoni, nikausogeza mbali na redio. Mvumo ukashuka. Nikaurudisha karibu. Ukanguruma. Kumbe si waya. Gramofoni imekaa juu ya redio, na kichwa cha sindano kinanasa mvumo wa transfoma ya redio iliyo chini yake. Dawa ni kuitenga.

Lakini waya wake ni mfupi. Gramofoni inafika kwenye meza ndogo tu, na mezani kuna cherehani ya Mama. Kwetu vitu vya marehemu havisogezwi mpaka kilio kiishe. Nilijua. Nikaiweka cherehani sakafuni, gramofoni mezani.

Kimya. Halafu Mama.

Papa akaingia kutoka kazini, kofia bado kichwani.
"Rudisha pale."
"Papa, mvumo..."
"Pale."
Sahani ilikuwa bado inaimba. Hakuitazama. Nimerudisha kila kitu. Nimemkasirikia Papa. Naandika hapa ili nisije nikamwambia.

Jumamosi, 12 Oktoba
Koko amefika na kikapu cha viazi vitamu. Papa amemketisha karibu na redio, ameweka sahani mwenyewe. Koko aliinamisha kichwa, akasikiliza hadi mwisho.
"Nasikia nyuki," akasema. "Mutoto wangu iko wapi?"
Papa akatoka nje. Mimi nilikuwa na jibu mdomoni. Nikabeba kikapu cha viazi jikoni. Mimi ni mwoga.

Jumapili, 13 Oktoba
Misa, kisha kaburini, kisha chakula. Wazee wakatangaza kwamba kilio kimekwisha. Papa alinyoa ndevu za mwaka mzima. Nilidhani sasa atasogeza cherehani. Aliifuta vumbi, akaiacha palepale.

Nyumba ilijaa watu. Siwezi kusema mbele ya watu, hata darasani. Nilitazama miguu ya Koko.
"Koko, cherehani ikitoka pale, Mama atasikika."
Papa akainamisha uso.
Koko akainuka. "Nilimuzaa mimi. Nitaibeba mimi."
Hakuweza peke yake. Papa akaja, akashika upande wa pili.

Nikahamisha gramofoni. Nikashusha sindano. Kabla ya wimbo kuna pumzi, kisha kikohozi kidogo. Hatukuwahi kukisikia; Alhamisi, kwa haraka, nilikiruka nikishusha sindano.
"Yeye huyo," Koko akasema. "Siku zote anakohoa mbele ya kuimba. Nilimukataza mpaka nikachoka."
Papa akacheka, halafu akafunika macho.

Jumatatu, 14 Oktoba
Nimemsindikiza Koko mpaka kwenye mashua. Ziwa limetulia. Nilichelewa shule, sikuadhibiwa.

Cherehani iko chumbani kwangu sasa. Papa ndiye aliyeileta. Uzi ambao Mama alishonea shati langu la shule bado uko kwenye sindano yake.