Dole Gumba la Mama

Kaka,

Hatujambo, ila chumba cha mama cha kushonea kimebomolewa ili mtaro upanuliwe. Cherehani sasa iko kwangu, kando ya kitanda.

Usiseme hatukuarifiwa. Diwani hutuma taarifa za mtaa kwa sauti kwenye kundi la simu, ambako yeye peke yake ndiye anayeruhusiwa kusema. Alianza kwa salamu, akasimulia safari zake na kisima alichozindua, na ubomoaji akauchomeka mwishoni kabisa. Nilimfuata ofisini.

"Mama yenu mwenyewe aliweka dole gumba," alisema, akinionyesha kwenye simu alama ya dole chini ya ujumbe ule. "Kila aliyeweka dole ameafiki."

Nimeandika habari za wezi wengi gazetini. Huyu amewapita wote.

Nilipomuuliza mama, alishangaa. "Mtoto wa watu kanisalimia, nimnyamazie?" Hakusikiliza zaidi ya salamu.

Leo diwani ametuma nyingine. Nimeisikiliza hadi mwisho: wiki ijayo ni zamu ya jiko. Mama alikuwa keshaweka dole.

Mpigie wewe, mkubwa, umkataze kuitikia. Mimi ananiambia sina adabu.

Mdogo wako